Ford T na Volkswagen: Magari Mawili, Ahadi Moja

Mwanzoni mwa karne ya 20, gari lilikuwa mali ya tajiri. Aliyelimiliki, awe Marekani au Ulaya, mara nyingi alikuwa pia na dereva wa kuajiriwa na fundi wa kumwita likigoma njiani. Mkulima aliyeishi mbali na mji aliendelea kufunga farasi wake kwenye mkokoteni, na mvua ikinyesha mfululizo barabara ikageuka tope, alikaa nyumbani akisubiri ardhi ikauke.

Namna gari lilivyotoka mikononi mwa wachache likawafikia wengi inaweza kusimuliwa kwa magari mawili tu: Ford Model T, iliyozaliwa Detroit mwaka 1908, na Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930. Yametenganishwa na bahari na kizazi kizima. Yote mawili yalitoa ahadi moja: gari la mtu wa kawaida. Ukiyafuata tangu kuzaliwa hadi kufa kwake, utaona kwamba gari huwa la watu pale linapotengenezwa na watu wanaotendewa haki, na kwamba huanza kufa siku ile mwenye kiwanda anapoacha kuwasikiliza wale aliowatengenezea.

Mtoto wa mkulima

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 katika shamba la baba yake karibu na Dearborn, jimbo la Michigan. Kazi ya jembe hakuipenda, lakini maisha ya wakulima aliyajua kwa undani. Kampuni yake ya kwanza ya magari ilikufa, ya pili aliiacha baada ya kutofautiana na wafadhili, na ya tatu, Ford Motor Company, ilianzishwa mwaka 1903. Hata humo ugomvi haukuisha. Baadhi ya wenye hisa walitaka magari makubwa ya watu wenye fedha, kwa kuwa kila gari lingeleta faida nono. Ford alitaka gari moja jepesi, imara na la bei nafuu, litengenezwe kwa wingi.

Gari hilo lilitoka tarehe 1 Oktoba 1908 katika kiwanda cha barabara ya Piquette, Detroit. Bei yake ilikuwa dola 850, wakati magari mengi mazuri yaliuzwa dola 2,000 au zaidi. Siri yake ya kwanza ilikuwa chuma. Ford na wasaidizi wake walitumia chuma kilichochanganywa na vanadiamu, ambacho hakivunjiki upesi hata kikiwa chembamba, na gari zima likawa na uzito wa kilo 540 hivi. Injini yake ya silinda nne na lita 2.9 ilitoa nguvu za farasi 20, nazo zilitosha kulipeleka kwa mwendo wa kilomita 65 hadi 70 kwa saa. Liliinuka juu sana kutoka ardhini, na springi zake ziliwekwa kwa kukingama, hata magurudumu yakaweza kupanda na kushuka kwenye makorongo bila chesisi kupinda.

Kuliendesha kulihitaji kujifunza upya hata kwa aliyekwisha kuendesha gari jingine. Kwanza dereva alirudisha nyuma kijiti cha moto kilichokuwa chini ya usukani upande wa kushoto, kisha akaenda mbele ya gari, akavuta waya wa choki uliojitokeza karibu na rejeta, akashika hendeli na kuizungusha. Akisahau kile kijiti, injini ilipiga kinyume, na hendeli ikirudi kwa nguvu iliweza kumvunja mkono. Gari likishawaka aliruka ndani na kukuta pedali tatu, na hakuna hata moja ya mafuta. Ya kushoto ikikanyagwa hadi chini ilikuwa gia ndogo, ikiachiwa ikawa gia kubwa. Ya katikati ilikuwa ya kurudi nyuma. Ya kulia ilikuwa breki. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa kijiti cha upande wa kulia wa usukani. Gari halikuwa na pampu ya petroli; tangi lilikaa chini ya kiti na petroli iliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Kwa hiyo kwenye mlima mkali, tangi likiwa karibu tupu, petroli haikuifikia injini, na dereva mzoefu aligeuza gari akapanda kilima kinyumenyume.

Wakulima waliyavumilia hayo yote, kwa sababu gari hili waliweza kulitengeneza wenyewe kwa bisibisi, spana na koleo. Wengine waliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, wakalifunga mkanda, wakalitumia kuendeshea msumeno, pampu ya maji au mashine ya kusaga. Alasiri liliteremshwa, likampeleka mwenyewe mjini.

Saa 12 zageuka dakika 93

Oda zilipozidi uwezo, Ford alihamia Highland Park mwaka 1910, katika kiwanda kilichochorwa na msanifu Albert Kahn. Humo, mwaka 1913, wahandisi wake walifanya jaribio lililobadili kazi za viwandani duniani kote. Mpaka wakati huo mafundi walilizunguka gari lililosimama. Sasa gari lilivutwa mbele ya mafundi waliosimama, na kila mmoja alikuwa na kazi moja tu: huyu anaingiza bolti, wa pili anaweka nati, wa tatu anaikaza. Chesisi iliyochukua zaidi ya saa 12 kuunganishwa ikawa inakamilika kwa dakika 93.

Bei ilishuka mwaka hadi mwaka. Kufikia 1925, gari la watu wawili liliuzwa dola 260. Kuanzia 1914 hadi 1925 magari hayo yalitoka kwa rangi moja, nyeusi, ili kazi iwe rahisi na ya haraka.

Lakini wafanyakazi waliichoka kazi hiyo upesi. Kurudia tendo moja kutwa nzima, siku baada ya siku, kulimfanya fundi ajione sehemu ya mashine. Mwaka 1913 kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000, maana wengi waliondoka baada ya muda mfupi. Tarehe 5 Januari 1914 Ford alitangaza ujira wa dola tano kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kima cha kawaida, na siku ya kazi ikapunguzwa kutoka saa tisa hadi nane. Maelfu walifurika kwenye lango la kiwanda katikati ya baridi kali.

Fedha hizo zilikuja na masharti. Idara maalumu ya kampuni ilituma wakaguzi majumbani kuangalia kama mfanyakazi anakunywa pombe, anaweka akiba na anaishi vizuri na familia yake. Vyama vya wafanyakazi Ford alivipinga kwa miaka mingi. Pamoja na hayo, jambo jipya lilikuwa limetokea: aliyekaza nati aliweza kununua kile alichokikaza. Hapo ndipo ahadi ya gari la mtu wa kawaida ilipotimia mara ya kwanza.

Magari hayo yalisambaa duniani. Kiwanda cha kuyaunganisha kilifunguliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1911, na tawi la Kanada likawa mwuzaji wa makoloni ya Kiingereza. Yalifika hata Afrika Mashariki, ambako jeshi la Uingereza liliyatumia kubebea mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza, kwenye njia ambazo malori mazito yalizama.

Kilichomwangusha Ford ni ushindi wenyewe. Katika miaka ya 1920 Wamarekani walikuwa na barabara bora na mahitaji mengine. Walitaka gari lililofunikwa, lenye rangi, lenye gia za kawaida na breki za kuaminika. Kampuni shindani ya General Motors chini ya Alfred Sloan iliwapa hayo pamoja na mkopo wa kulipa kidogokidogo. Wasaidizi wa Ford, pamoja na mwanawe Edsel, walimsihi akubali mabadiliko. Alikataa, akiamini kwamba gari lake lilikuwa limekamilika. Soko likamwacha. Tarehe 26 Mei 1927 gari la milioni 15 lilitoka kiwandani na utengenezaji wa Model T ukasitishwa, huku gari la kuchukua nafasi yake likiwa bado halijawa tayari. Viwanda vilisimama kwa miezi kadhaa, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi, hadi Model A ilipozinduliwa mwezi Desemba.

Stempu za marki tano

Ujerumani ya miaka ya 1930 ilikuwa na magari machache kuliko Marekani kwa mbali. Wahandisi kadhaa wa Ulaya ya kati walikuwa wakichora magari madogo yenye injini nyuma. Miongoni mwao walikuwamo Josef Ganz, Myahudi aliyelazimika kuikimbia nchi, na Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra ya Chekoslovakia. Hitler, mara baada ya kushika madaraka, aliitaka kazi hiyo iwe sifa ya utawala wake. Mwezi Juni 1934 mhandisi Ferdinand Porsche alipewa mkataba wa kubuni gari litakalobeba wazazi na watoto wao, liende kilomita 100 kwa saa, lipozwe kwa hewa na liuzwe chini ya marki 1,000. Porsche alisafiri kwenda Marekani kuviona viwanda vya Ford, na mafundi wenye asili ya Kijerumani wakaajiriwa kutoka Detroit. Ford mwenyewe, ambaye gazeti lake lilikuwa limeeneza chuki dhidi ya Wayahudi, alipokea nishani ya serikali ya Kinazi alipotimiza miaka 75, mwaka 1938.

Mwaka huohuo, tarehe 26 Mei, Hitler aliweka jiwe la msingi la kiwanda karibu na Fallersleben. Bei ilitangazwa: marki 990. Mfanyakazi alitakiwa kununua stempu ya marki tano kila wiki na kuibandika katika kadi yake, na kadi zikijaa angepata gari. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha. Wakabandika stempu kwa miaka. Hakuna aliyepata gari kutoka kwa utawala ule.

Vita vilipoanza mwaka 1939, kiwanda kiligeuzwa cha jeshi. Badala ya gari la familia, kilitoa gari la wazi la kijeshi, Kübelwagen, zaidi ya 50,000, pamoja na silaha. Kazi ilifanywa na watu wapatao 20,000 waliolazimishwa: mateka wa vita, wafungwa wa kambi za mateso, na raia waliokamatwa katika nchi zilizovamiwa. Wanawake waliojifungua humo walinyang'anywa watoto wao, na katika kituo cha Rühen zaidi ya watoto wachanga 300 walikufa kwa magonjwa na kutotunzwa. Yeyote anayelipenda gari hili, na wengi tunalipenda, anawajibika kuyajua haya.

Mwingereza na magofu

Majeshi ya Marekani yaliufikia mji wa kiwanda hicho mwezi Aprili 1945, kisha eneo likakabidhiwa kwa Waingereza. Mji ulipewa jina jipya, Wolfsburg. Kiwanda kilikuwa kimepigwa mabomu, mapaa yanavuja, lakini mashine nyingi zilikuwa zimehifadhiwa. Mwezi Agosti alifika Meja Ivan Hirst, ofisa wa kikosi cha mafundi cha jeshi la Uingereza, mwenye umri wa miaka 29. Jeshi lilihitaji magari mepesi na halikuwa nayo. Hirst alichukua gari moja la zamani lililobaki kiwandani, akalipaka rangi ya kijeshi, akalipeleka makao makuu. Waliolijaribu wakaagiza magari 20,000.

Tarehe 27 Desemba 1945 utengenezaji ulianza. Chakula kilikuwa haba, vioo na chuma vilipatikana kwa kubembeleza, na wafanyakazi wengi walikuwa wakimbizi. Hata hivyo, kufikia Machi 1946 magari 1,000 yalitoka kwa mwezi mmoja. Wenye viwanda vya magari wa Uingereza waliolikagua walilidharau. Hirst alisisitiza jambo moja: ubora ukaguliwe kila hatua. Aliruhusu pia wafanyakazi kuchagua baraza lao. Gari lililoahidiwa na dikteta lilianza kutengenezwa kweli baada ya dikteta kuanguka, na watu waliokuwa na sauti kazini.

Mwezi Januari 1948 uongozi ulishikwa na Heinz Nordhoff, mhandisi aliyetoka Opel. Umbo la gari hakuligusa sana, lakini ndani alirekebisha kitu hiki na kile mwaka baada ya mwaka: breki, gia, vioo, injini. Injini ya nguvu za farasi 25 ya miaka ile ilikuwa imefikia 34 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Gari la milioni moja lilitoka tarehe 5 Agosti 1955. Wale waliobandika stempu nao hawakukaa kimya. Walishtaki, na mwaka 1961 wakapata maafikiano yaliyowapa punguzo la bei au fedha kidogo.

Ukifungua mlango wa injini wa Volkswagen hiyo, utaelewa kwa nini ilipendwa na mafundi wa kila nchi. Huoni rejeta, wala mpira wa maji, wala pampu ya maji. Silinda nne zimelala mbilimbili, kulia na kushoto, na juu yake kuna feni inayosukuma hewa kupitia mapezi ya chuma. Mkanda mmoja unazungusha feni na jenereta. Ukikatika, injini huchemka, hivyo dereva mwangalifu alibeba wa akiba. Injini nzima imefungwa kwenye gia kwa bolti na nati nne. Fundi aliyezoea huzifungua, akaondoa waya na mpira wa petroli, akaiteremsha juu ya jeki, akaivuta nje. Magari ya kabla ya miaka ya 1960 hayakuwa hata na geji ya petroli. Injini ilipoanza kukohoa, dereva aligeuza kishikio kwa mguu, akafungulia lita chache za akiba, akatafuta kituo.

Sifa hizo zilijulikana mapema Afrika Mashariki. Mwaka 1953 mashindano ya Safari yalianzishwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na tope, na gari la Alan Dix na Johnny Larsen, Volkswagen, ndilo linalohesabiwa la kwanza. Volkswagen ikashinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962, ikiyaacha magari yenye injini kubwa kuliko yake. Uzito wa injini uliyakandamiza magurudumu ya nyuma yanayosukuma gari, kwa hiyo hayakuteleza ovyo. Sakafu yake bapa iliteleza juu ya tope badala ya kunasa. Wala haikuwa na maji ya kuchemka mlimani.

Rekodi na mtego wake

Tarehe 17 Februari 1972 gari namba 15,007,034 la aina hiyo lilitoka Wolfsburg, na kwa hesabu ya kampuni rekodi ya Model T ikavunjwa. Ilikuwa sherehe, lakini kampuni ilikuwa taabani. Nordhoff alikuwa amefariki mwezi Aprili 1968, mwaka ambao Wamarekani walinunua zaidi ya magari 400,000 ya aina hiyo. Mauzo hayo yaliwafanya wakubwa wa kampuni wasitafute kwa bidii gari la kuchukua nafasi yake. Washindani wa Ulaya na Japani walileta magari yenye injini mbele, nafasi kubwa na ulaji mdogo wa mafuta. Mwaka 1974 Volkswagen ilipata hasara ya marki milioni 800 hivi. Mwaka huohuo ilileta Golf, yenye injini mbele na iliyopozwa kwa maji, kinyume cha karibu kila kitu kilichokuwa katika gari la zamani. Golf ndiyo iliyoiokoa.

Hapo magari haya mawili yanafanana kabisa. Ford aliamini gari lake limekamilika. Wolfsburg, kwa miaka mingi, iliamini hivyo pia. Tofauti ni kwamba Volkswagen ilirekebishwa daima kwa ndani, ikazidi kuishi ugenini. Ujerumani iliacha kutengeneza aina yake ya kawaida mwaka 1978, lakini Brazil na Meksiko ziliendelea, kwa sababu huko bado palikuwa na mtu aliyetaka gari nafuu analoweza kulitengeneza kwa fundi wa jirani. La mwisho lilitoka Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, likipigiwa muziki wa mariachi. Jumla yalitengenezwa magari 21,529,464.

Nikiulizwa lipi kati ya mawili lilikuwa kubwa zaidi, nitajibu Model T, kwa kuwa bila kiwanda cha Highland Park hakuna ambaye angeweza kuota gari la marki 990. Lakini funzo zito zaidi limo katika Volkswagen. Lilizaliwa katika uongo, likajengewa kiwanda kilichonyonya damu za watu, kisha likageuzwa kuwa jambo jema na wafanyakazi wenye njaa, ofisa mmoja makini na mafundi wa mabara yote. Serikali iliyoliahidi haikulitoa. Waliolitoa ni watu waliolipwa kwa kazi yao, wakaikagua na kuisahihisha kila mwaka. Kila anayetangaza leo kwamba atawatengenezea watu gari lao, popote alipo, na apimwe kwa hayo: bei ambayo mwenye kipato kidogo ataimudu, mashine ambayo fundi wa mtaani ataifungua, ujira wa haki kwa anayekaza nati, na sikio linaloendelea kusikia hata baada ya kufanikiwa.